Chupa ya Jemu Upande wa Kaskazini

Desmond Pruett alipogonga kigingi cha nne, nyundo ilitoa mlio wa kioo. Aliinama, akapapasa kwenye nyasi zilizolowa, akaibuka na chupa ya jemu iliyojaa udongo na konokono wawili waliokauka. Aliifuta kwenye paja la suruali, akaigeuza kitako juu.

"Avis, bosi wangu, njoo uone mali yako. Naona doa lako jekundu."

Avis Tasker alikuwa amesimama hatua chache nyuma yake, ameshika mpira wa uzi wa rangi ya chungwa ambao walikuwa wakiufunga kigingi hadi kigingi. Hakuhitaji kusogea. Chupa zake zote za jemu ya machungwa alizitia doa la rangi nyekundu kwenye kitako, ili zirudi kwake baada ya mnada wa kanisa, na kijiji kizima cha Wexholme kilijua hivyo.

"Marehemu Cyril wako alikuwa akimletea nani maua huku?" Desmond akauliza, huku akicheka. "Au alikuwa na mchumba kwenye makaburi na wewe hukuambiwa?"

Avis alimwambia achunge nyundo yake asije akajiponda kidole, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumpeleka hospitali. Lakini chupa aliichukua, akawatoa wale konokono mmoja mmoja kwa kidole, akaiweka kwenye mfuko wa koti. Mfuko ukavimba, na kila alipopiga hatua chupa ilimgonga nyongani.

Hao wawili walikuwa ndio wazee wa kanisa la Mtakatifu Osyth, yeye na Desmond, na kazi ya Ijumaa hiyo ilikuwa kuonyesha mahali utakapopita mtaro wa choo. Kanisa lile lilikuwa limekaa miaka mia saba bila choo. Mtu akibanwa katikati ya mahubiri, ilimlazimu avuke barabara hadi nyumbani kwa Joan Mabbott, na Joan alikuwa na mbwa asiyependa wageni. Kwa miaka minane Avis aliandika barua, akauza jemu, akabishana na watu wa dayosisi waliotaka kujua hata rangi ya mlango wa hicho choo. Mwishowe ruhusa ilitoka. Siku ya kikao cha kuamua mtaro upite wapi, ni yeye mwenyewe aliyesimama akasema upite kaskazini, kwa kuwa kaskazini hakuna mtu.

Hakuna aliyembishia. Watu wa Wexholme hawakupenda kulala kaskazini tangu zamani. Kivuli cha kanisa kinaangukia huko, na barafu ya usiku huwa haijayeyuka hata saa sita mchana. Walizikwa huko wapita njia, waliojiua, watoto ambao hawakuwahi kubatizwa, na wachache waliokosa nafasi kusini. Mawe yenyewe hayakuzidi kumi na mawili. Mwaka wa sabini na mbili kanisa liliponunua mashine ya kukatia nyasi, Cyril mumewe na wanaume wengine wanne waliyang'oa yote na kuyaegemeza kwenye ukuta wa mashariki, ili mashine ipite bila kuzungukazunguka. Tangu hapo upande wa kaskazini ulikuwa nyasi tupu.

Avis alijua jambo moja ambalo hakulisema kwenye kikao. Alijua kwamba mahali fulani upande huo yupo mtoto wake.

Alikuwa na miaka ishirini na minne. Mtoto alizaliwa nyumbani, amekufa, mwezi wa Machi mwaka wa hamsini na tisa. Mkunga alimfunga kwenye taulo akatoka naye mbio, akasema ni heri usimwone, mwanangu, utasahau upesi. Cyril alikuwa seremala. Alishuka chini, akakaa huko muda, kisha mlango wa mbele ukafunguka na kufungwa. Aliporudi alisema amempa Walter Gedge, mchimba makaburi, na kwamba mtoto yuko mahali pazuri, kaskazini, na asiulize zaidi. Naye hakuuliza. Siku alipoamka kitandani aliona kabati la nguo halina droo ya chini, ile aliyokuwa amepanga soksi ndogo na vitambaa. Cyril alisema panya wameitoboa. Mpaka leo mahali pa droo hiyo pana kikapu cha sufi.

Kwa kuwa hakuuliza, alijichagulia mwenyewe. Aliamua moyoni kwamba mtoto yuko kule mwisho, chini ya ua wa miiba, mbali na kanisa, ambako watu walisema hulazwa wasiobatizwa. Miaka hamsini kila alipopita alitupia jicho ule ua. Ndiyo maana alipoinua mkono kuupitisha mtaro hakuwa na wasiwasi. Mtaro haukufika hata karibu na ua.

Lakini sasa kulikuwa na chupa.

Desmond alipokwenda kunywa chai, Avis alibaki amesimama pale kwenye kigingi cha nne. Alikumbuka Machi moja, miaka mingi nyuma, alipotoka kanisani mikono ikinuka dawa ya kung'arishia shaba, akamkuta Cyril amepiga goti katikati ya nyasi hizi hizi akimimina maji kwenye chupa. Kando yake kulikuwa na shada la vile viua vyeupe vinavyochomoza theluji ikiyeyuka. Alimuuliza anafanya nini. Akajibu kwamba anamwekea Agnes Croome maua, kwa sababu hana mwingine wa kumwekea.

Avis alihisi kama amepigwa kofi. Akamwambia kwamba jiwe la Agnes liko ukutani kule, kwa hiyo kama ameanza kuchanganyikiwa aseme mapema apelekwe kwa daktari. Cyril hakuinua kichwa.

"Jiwe liko kule," alisema. "Yeye yuko hapa."

Hakumsemesha siku mbili. Alimkataza kuchukua chupa zake. Sasa aliona kwamba Cyril alikuwa akizichukua tu.

Ilipasa mtu ajue Agnes Croome alikuwa nani kwa Avis. Alikuwa mkuu wa posta, mwanamke wa kutoka Leicester, mwenye miwani ya mnyororo, asiye na mume wala mtoto. Avis na Cyril walioana Oktoba. Mwezi wa Februari Avis aliingia posta kununua stempu, foleni ikiwa na watu saba, na Agnes akaweka kalamu chini, akaanza kuhesabu kwa vidole. Oktoba. Novemba. Desemba. Alihesabu polepole na kwa sauti, akafika kidole cha tano, akaliangalia tumbo la Avis, akasema wenzetu wengine mikate yao huiva haraka. Watu wakacheka. Avis aliacha stempu zake kaunta. Mlangoni aligeuka, akasema jambo ambalo watu wote saba walilisikia. Alisema, "Na ufe kabla hujamaliza kuhesabu."

Wiki tatu hazikupita, Agnes akafa, moyo ulisimama akiwa anapanda ngazi. Siku chache baadaye mtoto wa Avis naye akazaliwa hana pumzi. Hakuna aliyemwambia neno, wala hakuna aliyehitaji kumwambia. Alijua mwenyewe amelipwa. Alipopata wana wawili baadaye hakuwasimulia kamwe kwamba walikuwa na mwenzao kabla yao.

Sasa alikwenda hadi ukuta wa mashariki, ambako hakuwa amesimama kwa hiari tangu mawe yapelekwe huko. Yalikuwa yameegemeana kama watu wanaosubiri basi. Alilipata la Agnes la nne kutoka kona, limejaa madoa ya kuvu ya manjano. Alitoa leso, akaitemea mate, akasugua. Agnes Mary Croome. Amelala tarehe saba Machi 1959. Chini yake palikuwa na maneno: Alikuwa mpole kwa wote.

"Kwa wote," Avis akasema kwa sauti, akiwa peke yake.

Kisha akahesabu, yeye sasa, kwa vidole. Tarehe saba amekufa. Mtu huzikwa siku nne, tano baadaye. Mtoto wake alizaliwa usiku wa kuamkia kumi na moja. Alikuwa kitandani, mapazia yamefungwa, na alikumbuka alisikia kengele ya kanisa ikilia polepole asubuhi hiyo, akadhani ni masikio yake.

Kaburi la Agnes lilikuwa wazi siku ile. Walter Gedge alikuwa nalo wazi.

*

Daftari rasmi la maziko lilikuwa limeshapelekwa makumbusho ya mkoa, na mtoto aliyezaliwa mfu asingeandikwa humo hata hivyo. Lakini Walter alikuwa na daftari lake mwenyewe, dogo, la jalada jeusi, ambamo aliandika kwa hatua na futi mahali alipomweka kila mtu. Avis alijua liliko. Lilikuwa kwenye sanduku kuu la kanisa.

Na hapo ndipo palipokuwa na kikwazo. Sanduku lile la mwaloni, ndani ya chumba cha chini ya mnara, lilikuwa na kufuli tatu. Ufunguo mmoja hukaa kwa mchungaji, na mmoja kwa kila mzee wa kanisa, maana watu wa zamani hawakutaka yeyote alifungue peke yake, hata kasisi. Makanisa mengine yalishavunja kufuli zao kwa uvivu. Wexholme walijivunia kwamba zao bado zinafanya kazi. Cyril ndiye aliyekuwa akizipaka mafuta.

Kwa hiyo hakuweza kwenda kwa siri. Aliwapigia simu jioni ile, akasema anataka kuhakikisha hakuna kaburi kwenye njia ya mtaro kabla ya fundi kuja Jumatatu. Mchungaji Philippa Lunn, aliyekuwa na parokia sita na gari moja lenye mlango usiofunguka, alisema anaweza kuwapa nusu saa Jumamosi, kati ya harusi ya parokia moja na mgonjwa wa parokia nyingine.

Jumamosi walikutana mnarani. Desmond alikuja na ufunguo wake ndani ya kopo la majani ya chai, ambamo ulikaa mwaka mzima, na mikono yake ikanukia chai. Alisema kama wakikuta dhahabu humo ndani, wagawane sawa, mchungaji asichukue fungu la Mungu mara mbili. Mchungaji Philippa alicheka, akazungusha ufunguo wake. Kufuli zote tatu zilifunguka laini. Avis alikaza macho kwenye kufuli, akimfikiria yule aliyezilainisha.

Ndani palikuwa na vitabu vya nyimbo vilivyoliwa na nondo, bendera ya chama cha akina mama, kitambaa cha madhabahu cha Kwaresima kilichopauka, na chini kabisa, kwenye bahasha, madaftari matatu ya Walter. Mchungaji na Desmond walianza kuvitoa vitabu vya nyimbo wavikague. Avis alichukua daftari la kati, akasogea nalo dirishani.

Mwandiko wa Walter ulikuwa mkubwa na mzito, kama wa mtu anayeandika kwa msumari. Aligeuza kurasa kwa kidole kilicholoweshwa. Januari. Februari. Machi ilikuwa na mstari mmoja tu, na chini yake mwingine ulioandikwa kwa penseli.

Wa wino ulisema: Croome, wa posta. Nguzo ya tatu ya ukuta, hatua saba kaskazini. Futi sita.

Wa penseli ulisema: Wa Tasker, wa kike, hakuvuta pumzi. Baada ya watu kuondoka. Kwenye droo. Juu ya Croome, futi tatu. Baba alikuwapo.

Aliusoma mara tatu. Kilichomkaba si futi wala droo. Yalikuwa yale maneno mawili mafupi katikati, wa kike. Mkunga hakumwambia. Cyril hakumwambia. Alikuwa amefikisha miaka sabini na minne, na kwa miaka hamsini alikuwa akimfikiria mtoto kama kifurushi cha taulo, kitu kisicho mvulana wala msichana. Sasa taulo lilikuwa limefunguliwa mbele yake, dirishani, na nyuma yake Desmond alikuwa akiimba beti za wimbo wa zamani kwa sauti ya kukwaruza.

"Kuna mtu, Avis?" mchungaji akauliza.

Alilifunga daftari kidole kikiwa ndani.

"Yupo," akasema. "Agnes Croome. Yuko kwenye kigingi cha nne hasa."

Mchungaji akaja, akataka kujua kina. Avis akasema futi sita. Mchungaji akashusha pumzi. Alieleza, kwa upole wake wa mtu anayechelewa, kwamba mtaro ni wa futi tatu tu, kwamba jambo hilo lilishafikiriwa kwenye ile ruhusa, na ikiwa mtu yuko futi sita unapita juu yake na kumwombea. Kuuhamisha mtaro ni kuomba ruhusa upya, na ruhusa upya ni mwaka mwingine, pengine miwili.

"Hatutamgusa hata ukucha," Desmond akasema. "Na kwa jinsi nilivyomsikia huyo mama, ndiye angetugusa sisi."

Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema. Mdomo wa Avis ulifunguka kabisa. Lakini kulitaja lile la pili kulimaanisha kuyataja yote, foleni ya posta, vidole, na yale aliyoyasema mlangoni. Desmond alikuwa mmoja wa wale saba. Alikuwa kijana wa miaka kumi na saba wakati huo, ametumwa na babake kutuma kifurushi cha misumari. Hajawahi kulitaja, na Avis hajawahi kujua kama analikumbuka.

"Basi sawa," Avis akasema.

Wakarudisha vitabu, wakafunga kufuli moja baada ya nyingine, kila mtu na yake. Daftari la kati halikurudi sandukuni. Lilikuwa ndani ya koti lake, pamoja na chupa.

*

Jumapili aligawa vitabu mlangoni kama kawaida, akakusanya sadaka, akasikia mchungaji akitangaza kwa furaha kwamba kesho, Mungu akipenda, kazi ya choo itaanza. Watu wakapiga makofi kanisani, jambo ambalo halifanyiki Wexholme. Joan Mabbott alisema mbwa wake atapata upweke. Wengi walimpa Avis mkono, wakamshukuru. Mzee mmoja mwenye fimbo mbili alimwambia, "Umetuokoa, Bi Tasker," machozi yakimlengalenga. Kila mkono aliopewa ulimlemea zaidi.

Usingizi haukuja. Aliwaza droo ile. Cyril aliitengeneza mwenyewe ya mti wa mkangazi, pembe zake zikaumana kama vidole vya mikono miwili, na vitu alivyotengeneza Cyril havikuoza upesi. Pengine bado ilikuwa nzima. Pengine kijiko cha mashine kingeipata nzima, kikainyanyua pamoja na udongo, mbele ya watu wanaokunywa chai. Halafu aliwaza kwamba Cyril alikwenda kila Machi, peke yake, na chupa za kuiba, na kila mwaka alirudi nyumbani kwa mwanamke aliyemfokea. Angeweza kumwambia. Neno moja tu. Lakini angemwambiaje kwamba mtoto wao amelazwa kifuani mwa yule yule? Walikuwa na kaburi moja wazi siku ile, na ardhi imeganda kama chuma. Walter hakuwa na pa kuchagua, na Cyril hakuwa na wa kumuuliza.

Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, Avis alipita kanisani, akachukua mto mmoja wa kupigia magoti, ule alioudarizi mwenyewe suke la ngano. Akaja nao kaskazini. Nyasi zilikuwa nyeupe kwa barafu na zilivunjika chini ya viatu. Alianzia kwenye nguzo ya tatu ya ukuta, akahesabu hatua saba, za mwanamume mrefu, akijilazimisha kupanua miguu. Hatua ya saba ilimfikisha kwenye uzi wa rangi ya chungwa, shubiri moja kutoka kigingi cha nne. Akaweka mto juu ya uzi, akaketi. Chupa akaiweka mbele ya miguu yake.

Fundi alifika saa mbili. Aliitwa Dean Hobley, kijana mnene mwenye kofia ya sufi, na katapila lake dogo lilikuwa juu ya trela. Aliliteremsha, akaliwasha, akaja nalo taratibu mpaka likawa hatua tano kutoka kwa Avis. Akatoa kichwa nje.

"Bibi, samahani, umekaa kwenye kazi yangu."

"Najua."

Akamuuliza kama anajisikia vibaya, kama kuna mtu wa kumpigia simu. Avis akasema ampigie mchungaji na Bwana Pruett, wote wawili, na kabla ya hapo azime hiyo mashine kwa sababu hawezi kulisema hili kwa kupiga kelele. Dean akazima. Wakasikika kunguru tu kwenye mnara.

"Umeambiwa kuna kaburi hapa?" Avis akauliza.

"Nimeambiwa mmoja. Futi sita."

"Ni wawili. Wa pili yuko futi tatu."

Dean alivua kofia, pengine bila kujua kwamba ameivua.

"Ni nani?"

Miaka hamsini alikuwa ameamini kwamba siku akilisema, koo litaungua. Lilitoka dogo tu, la kawaida.

"Binti yangu."

Dean aliteremka. Alikwenda kwenye gari lake, akarudi na blanketi lililonuka mafuta ya mashine, akamfunika mabegani, kisha akaenda kando kupiga simu.

Desmond ndiye aliyefika kwanza, viatu havijafungwa kamba. Mchungaji alifuata, amevaa koti juu ya nguo za kulalia, akajifanya hajui kwamba zinaonekana. Avis hakusimama. Aliwapa daftari. Mchungaji alisoma ule mstari wa penseli, akampa Desmond, naye akausoma akiwa ameuweka mbali na macho kwa kuwa hakubeba miwani. Walipomaliza Avis aliwaambia yote, kuanzia stempu. Alisimulia kwa mpangilio, kama anayetoa taarifa ya kikao, na hakuruka yale aliyoyasema mlangoni.

"Nilimwombea afe," alisema. "Akafa. Halafu huyu naye. Na wakalazwa pamoja."

Mchungaji Philippa alichuchumaa kwenye barafu, akamshika mkono. Alianza kusema kwamba Mungu hafanyi kazi hivyo, kisha akanyamaza, akabaki ameshika mkono tu. Avis alimshukuru kimoyomoyo kwa kunyamaza.

Desmond alikuwa ametazama kwingine muda wote.

"Nilikuwepo posta," akasema.

"Najua ulikuwepo."

"Nilicheka. Nilikuwa mtoto mjinga, nikacheka pamoja nao." Alipangusa pua kwa mgongo wa mkono. "Halafu ulipotoka hakuna aliyecheka tena. Agnes alitoka nyuma ya kaunta na zile stempu zako, akakimbia hadi mlangoni, ulikuwa umeshakata kona. Akarudi, akatuuzia kila mtu kimya kimya. Alikuwa mweupe kama karatasi. Nimekuwa nikitaka kukwambia hilo tangu mwaka ule."

"Na ulikuwa unangoja nini?"

"Nilingoja uniulize," Desmond akasema, kwa unyonge. "Wewe si mtu wa kuanzwa, Avis."

Alilipokea hilo bila kujua pa kuliweka. Halikumfanya ampende Agnes Croome. Lilifanya tu kwamba mwanamke yule, ambaye kwa miaka hamsini alisimama nyuma ya kaunta ameinua vidole, sasa alikuwa pia mlangoni, na stempu mkononi, amechelewa.

Desmond aliinama, akaking'oa kile kigingi cha nne. Akang'oa cha tatu, na cha tano, akaanza kuuzungusha uzi kwenye kiganja. Hakumuuliza mchungaji. Mchungaji naye alisema tu, kwa sauti ya mtu anayehesabu barua zitakazoandikwa, kwamba ataipigia dayosisi kabla ya chai.

"Basi tutaendelea kubana," Desmond akasema. "Joan amwambie mbwa."

Dean Hobley alikuwa ameegemea katapila lake, daftari la kazi mkononi. Alisema itambidi aandike kwa nini amerudisha mashine, wakubwa wake watataka sababu, na je, aandike jina gani. Alisema hivyo kwa adabu, kalamu ikiwa tayari. Mchungaji naye akamgeukia Avis, maana yeye pia angetaka jina kwa ajili ya sala, na kwa ajili ya jiwe, likija kuwepo.

Avis aliangalia nyasi mbele ya mto. Alikuwa na majina ya wanawe, ya wajukuu, ya paka wote sita waliopita nyumbani mwake. La huyu hakuwa nalo. Alijaribu moja moja kichwani, la mamake, la shangazi yake, na kila moja lilikaa vibaya, kama koti la mtu mwingine.

"Andika Tasker, wa kike," akasema. "La kwanza acheni wazi. Sijamzoea bado."

Kisha alimwomba Desmond amsaidie kusimama, kwa sababu magoti yalikuwa yameganda. Alimwambia kwamba jiwe la Agnes lirudishwe hapa wiki hii, Dean alibebe kwa mashine yake maadamu imeshateremshwa, ili mtu mwingine asije akasema kikaoni kwamba hakuna mtu. Desmond akauliza kama ni pamoja na yale maneno ya mpole kwa wote.

"Pamoja nayo," Avis akasema.

Alichukua chupa, akaenda nayo polepole hadi kwenye bomba la kumwagilia karibu na mlango. Bomba lilikuwa limeganda. Akasimama hapo, chupa mkononi, akingoja lifunguke.